UZI: Peter Wallensteen, msomi aliyetumia maisha yake kuhesabu vita (na vya kwetu vimo)

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Humu jukwaani vita vinajadiliwa kila wiki. Goma ilipoingia mikononi mwa M23 Januari 2025, nyuzi zilifunguliwa mfululizo: nani kashinda, nani anamfadhili nani, wamekufa wangapi. Kila upande ulikuja na namba yake na kuitetea kwa nguvu zote. Leo nataka tumzungumzie mtu ambaye tangu ujana wake amekuwa akiuliza jambo moja kwanza: hiyo namba umeitoa wapi, na mwaka jana ulihesabu kwa kanuni hiyo hiyo?

Anaitwa Peter Wallensteen, Msweden aliyezaliwa 1945, profesa wa Chuo Kikuu cha Uppsala. Wengi hawajamsikia kwa sababu hatokei kwenye televisheni akitabiri mwisho wa dunia. Lakini ukisoma popote kwamba "mwaka huu duniani kuna migogoro ya silaha kadhaa", uwezekano ni mkubwa kwamba hesabu hiyo imetoka kwenye mradi aliouanzisha yeye miaka ya 1970 mwishoni, yaani Uppsala Conflict Data Program, unaofahamika kwa kifupi kama UCDP.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Naamini kuhesabu waliouawa kwa kanuni moja, mwaka baada ya mwaka, bila kumpendelea mtu, ni kazi yenye heshima sawa na ya kuwaketisha mahasimu mezani. Na naamini sisi wa Afrika Mashariki na Kati tumewaachia wengine kazi hiyo kwa muda mrefu mno.

Tuanze na safari yake.

Fani hii ilipoanza ilikuwa ya watu wachache. Mwingereza Lewis Fry Richardson, aliyeendesha gari la wagonjwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kuwa imani yake ya Kiquaker ilimkataza kubeba bunduki, alitumia miaka yake ya mwisho kuorodhesha "ugomvi wa kuua" wa kila ukubwa, na kazi hiyo ikatoka baada ya yeye kufariki. Mwaka 1959 Johan Galtung wa Norway alianzisha kituo cha utafiti wa amani mjini Oslo, na 1964 likaanza jarida la Journal of Peace Research. Kule Michigan, Marekani, J. David Singer naye alianza kukusanya takwimu za vita kuanzia 1963.

Wallensteen aliingia humo akiwa kijana mbichi. Mwaka 1968, akiwa na miaka kama 23, alichapisha kwenye jarida lile makala kuhusu vikwazo vya kiuchumi. Wakati huo Rhodesia ya Ian Smith ilikuwa chini ya vikwazo baada ya walowezi kujitangazia uhuru Novemba 1965, na Galtung alikuwa ameshaandika 1967 kwamba vikwazo vinaweza kuwafanya walengwa washikamane zaidi na serikali yao badala ya kuikimbia. Kijana akaenda kupima kama vikwazo kwa ujumla hufanikiwa. Jibu lake halikuwafurahisha wanasiasa: mara nyingi havifanikiwi.

Idara ya Utafiti wa Amani na Migogoro ya Uppsala ilianzishwa 1971. Yeye alimaliza uzamivu 1973 na akaiongoza idara hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1985 alipewa kigoda cha uprofesa, akiwa wa kwanza kukikalia, na alikaa nacho hadi 2012. Ni kigoda kama tunavyosema Kigoda cha Mwalimu Nyerere pale Mlimani. Na jina la kigoda hicho ndilo linaloturudisha kwetu: Dag Hammarskjöld.

Naandaa sehemu hiyo. Mwenye swali aulize tu.

#2 Mchangiaji wa kwanza

Nimekaa mkao wa kusoma. Endelea mkuu.

#3 Mleta mada

Hammarskjöld alikulia Uppsala na kusoma chuo hicho hicho, na ndiko alikozikwa. Alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 1953. Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960, na siku chache baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe akatangaza kuitenga Katanga. Usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961, Hammarskjöld alikuwa angani kutoka Léopoldville kwenda Ndola, Zambia ya leo, kukutana na Tshombe watafute namna ya kusimamisha mapigano. Ndege ilianguka msituni karibu na Ndola. Watu 16 waliokuwemo wote walikufa, mmoja wao akifariki hospitalini siku kadhaa baadaye.

Kwa hiyo profesa wa amani wa Uppsala anakalia kiti chenye jina la mtu aliyefia kwenye mgogoro wa Katanga. Watu wa Lubumbashi wanaozungumza lugha yetu hii wana haki ya kujua hilo.

Kuna jingine ambalo Watanzania wengi hawalijui. Umoja wa Mataifa ulipoamua kuchunguza upya kifo hicho, jopo la 2015 liliongozwa na Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania, na kuanzia 2017 akaendelea na kazi hiyo kama mteule maalumu. Ripoti zake zimekuwa zikisisitiza kwamba nchi kadhaa hazijafungua nyaraka zake za kijasusi zote. Jaji wa kwetu anatafuta ukweli wa kifo cha mtu wa Uppsala, na watafiti wa Uppsala wanatafuta ukweli wa vifo vya kwetu. Mimi hili linanigusa sana.

#4 Mchangiaji wa pili

Mkuu asante kwa elimu. Swali langu: nimewahi kusoma kwamba hao jamaa hawahesabu mgogoro mpaka wafe watu 25. Hii imekaaje? Wakifa 24 si watu?

#5 Mleta mada

Swali zuri, na ndilo kiini cha kazi yake, hivyo nitalijibu kwa kirefu.

Singer na wenzake kule Michigan waliweka kiwango cha vifo 1,000 vya vitani ili tukio liitwe vita. Ukitumia kiwango hicho, migogoro mingi ya Afrika na Asia haionekani kabisa. Kikundi kinaingia msituni, kinapigana na jeshi miaka minne, kila mwaka wanakufa 60 au 150, na kwenye jedwali la dunia nchi hiyo inasomeka kuwa na amani. Halafu mwaka wa tano nchi inalipuka, na wakubwa wanasema "hatukuona dalili".

Uppsala wakashusha kiwango hadi 25 kwa mwaka, na wakaacha 1,000 iwe mpaka wa kuuita mgogoro "vita". Waliweka pia masharti: kuwe na pande mbili zinazojulikana kwa jina, angalau moja iwe serikali ya nchi; wawe wanagombania kitu kinachotajika, ama nani atawale ama eneo fulani liwe la nani; na watu wauawe katika mapigano hayo. Sharti likikosekana, tukio haliingii kwenye kapu hilo la migogoro inayohusisha serikali.

Baadaye waliongeza makapu mawili. La kwanza ni la makundi yanayopigana yenyewe kwa yenyewe bila serikali kuwa upande. La pili ni la ukatili wa upande mmoja, yaani serikali au kundi lenye silaha kuua raia wasiojitetea. Hebu fikirieni Rwanda 1994. Mapigano ya RPF na jeshi la serikali yanaingia kapu la kwanza kabisa, lakini mauaji ya kimbari yanaingia kapu la ukatili wa upande mmoja. Kuyachanganya kungekuwa kusema kwamba waliochinjwa vizuizini walikuwa askari waliokufa vitani. Kutenganisha makapu kwa usahihi ni kuwatendea haki marehemu.

Kuhusu wale 24: ni watu, na hakuna mtafiti makini atakayekuambia vinginevyo. Ila kila kipimo lazima kianzie mahali. Wangeweka 10, ungeuliza kuhusu 9. La msingi ni kwamba mpaka umetangazwa hadharani, hausogezwi kwa sababu nchi fulani ni rafiki, na kila mwenye kompyuta anaweza kukagua. Zaidi ya hapo, kila tukio wanaliandika kivyake, tarehe na mahali, na wanatoa makadirio matatu: ya chini, ya juu, na lile wanaloliona la kuaminika zaidi. Hawajifanyi wanajua kisichojulikana.

Tangu 1993 hesabu ya kila mwaka inachapishwa kwenye Journal of Peace Research. Mwaka 2002, kwa kushirikiana na kituo cha Oslo, walirudisha hesabu nyuma hadi 1946. Ndiyo maana leo inawezekana kusema kwamba 2024 ilikuwa na migogoro 61 inayohusisha serikali, idadi ya juu kuliko mwaka wowote tangu 1946. Bila zile siku za kuketi na magazeti na taarifa za redio, mtu yeyote angeweza kudai lolote.

#6 Mchangiaji kutoka Bukavu

Jambo kwa wote. Miye ni mtu wa Kivu ya Kusini na nimesoma yote kwa makini. Mnisamehe nikisema kwa uchungu kidogo.

Baba mdogo wangu hakupigwa risasi. Walikimbia kijiji wakaingia porini, mvua, watoto wanaharisha, zahanati ilikuwa imeshaporwa hata vitanda. Akafa kwa homa. Watoto wawili wakamfuata. Sasa huyo profesa wenu akifungua kompyuta yake, baba mdogo yuko wapi? Kwetu tumezika watu wengi kiasi hiki, halafu mtu wa Ulaya anakuja na namba ndogo eti hao ndio waliokufa vitani. Vita ndivyo vilivyomuua. Nani ataandika jina lake?

#7 Mchangiaji wa tatu

Pole sana ndugu yetu wa Bukavu. Mungu awarehemu.

#8 Mleta mada

Pole sana ndugu. Sitakujibu kwa haraka, maana hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu.

Ni kweli: kwenye jedwali la Uppsala, baba yako mdogo hayumo. Wao wanahesabu waliouawa moja kwa moja kwa silaha. Ndiyo sababu kuna pengo kubwa kati ya namba zao za Kongo na ile ya shirika la misaada la IRC, lililofanya tafiti za kaya kati ya 2000 na 2007 na kukadiria kwamba watu milioni 5.4 walikufa tangu Agosti 1998 zaidi ya ambao wangekufa kama kungekuwa na amani. Sehemu kubwa mno ya hao walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, kama wako. Namba ya IRC nayo ilipingwa. Watafiti wengine, wakiwemo wa Canada, walisema kiwango cha vifo cha "kabla ya vita" kilichotumika kulinganisha kilikuwa cha chini mno, na ukikirekebisha jumla inashuka sana.

Namba hizi mbili hazipimi kitu kimoja, na zote mbili tunazihitaji. Ya Uppsala inakuambia nani alimuua nani, wapi, lini. Hiyo unaweza kwenda nayo mbele ya mahakama au meza ya mazungumzo. Ya IRC inakuambia gharama nzima ambayo jamii imelipa, lakini haiwezi kukutajia kamanda.

Galtung mwaka 1969 alitoa hoja inayokaribia yako. Alisema kuna ukatili usio na mtu anayevuta kisu: mfumo wenyewe unaua, mtoto anakufa kwa ugonjwa unaotibika kwa sababu dawa ziko kwa wengine. Akasema kutokuwepo kwa vita peke yake si amani iliyokamilika. Tangu hapo fani imegawanyika. Wako waliomfuata na kupanua maana ya ukatili, na wako walioona kwamba ukipanua sana hutaweza kupima chochote. Wallensteen alikaa upande wa kupima kitu kidogo kwa uhakika.

Mimi namuunga mkono, lakini kwa sharti. Kipimo chembamba kina thamani pale tu penye kipimo kipana kando yake. Mashariki ya Kongo, tafiti za kaya kama zile hazijarudiwa kwa ukubwa ule tangu 2007. Hapo ndipo lawama yako inapostahili kwenda: watu wa Uppsala wameendelea na sehemu yao kila mwaka, lakini sehemu ya baba yako mdogo imeachwa bila mwenyewe.

#9 Mchangiaji kutoka Bukavu

Asante kwa kunisikiliza. Nimeelewa. Lakini hata hao wa risasi, ni wangapi wa vijiji vyetu ambao habari zao hazikufika hata Bukavu mjini, sembuse Sweden?

#10 Mleta mada

Wengi. Wao wenyewe wanakiri kwamba namba zao ni za chini kuliko uhalisia. Wanategemea mashirika ya habari, ripoti za haki za binadamu na ufuatiliaji wa redio za nchi husika. Pasipo mwandishi wala mtandao wa simu, watu wanakufa bila kuandikwa. Ndiyo maana redio inayotangaza kwa Kiswahili, Kilingala, Tshiluba, Kikongo na Kifaransa, kama Radio Okapi tangu 2002, ina uzito mkubwa katika kazi hii kuliko tunavyodhani. Mwandishi wa Fizi au Walikale anayetaja kijiji, tarehe na idadi ndiye mwanzo wa mnyororo wote. Mwisho wake ni mtafiti aliyeketi Uppsala.

#11 Mchangiaji kutoka Nakuru

Hii mada imenikumbusha yetu ya 2007/08. Tume ya Jaji Waki ilisema watu 1,133 waliuawa. Kwa kanuni ya hao watu, Kenya ilikuwa vitani ama? Maana idadi imepita hiyo 1,000.

#12 Mleta mada

Ndugu wa Nakuru, umegusa pale ambapo kanuni zinaonyesha makali yake. Kwa kipimo chao hapakuwa na vita vya serikali na kundi la waasi, kwa hiyo ile 1,000 haitumiki. Jamii zilizopigana Bonde la Ufa zinaingia kapu la makundi yasiyo serikali. Polisi wakifyatulia risasi watu wasio na silaha, hilo ni kapu la ukatili wa upande mmoja. Ripoti ya Waki ilionyesha kwamba 405 kati ya hao walikufa kwa risasi. Kwa hiyo ile 1,133 inakatwa vipande, na wale ambao muuaji wao hakujulikana alitumwa na nani wanaweza kubaki nje ya makapu yote.

Je, ni upungufu? Ndiyo. Lakini ulinganishe na siasa za kwetu, ambapo wote 1,133 walirundikwa kwenye msemo mmoja wa "ghasia za baada ya uchaguzi", kana kwamba hazikuwa na mtendaji. Ukigawa makapu unalazimika kuuliza: huyu aliuawa na nani?

#13 Mchangiaji wa nne

Mimi nina wasiwasi na haya mambo. Wazungu wanatuhesabu kama mifugo, wanapata uprofesa, wanapata tuzo, sisi tunabaki na makaburi. Kwani huyo Wallensteen mwenyewe amewahi kusimamisha vita gani?

#14 Mleta mada

Hakukaa ofisini tu. Alishiriki juhudi za upatanishi wa Bougainville kule Papua New Guinea. Kuhusu vikwazo, lile alilolianza akiwa kijana alilirudia akiwa mtu mzima. Baada ya vikwazo vya jumla dhidi ya Iraq miaka ya 1990 kuwaumiza raia wa kawaida, Uswisi, Ujerumani na Sweden zilidhamini mijadala mfululizo ya kutafuta vikwazo vinavyomlenga mhusika mwenyewe: kuzuia akaunti zake, safari zake, silaha zake. Awamu ya Stockholm, iliyotoa ripoti yake 2003, aliiongoza yeye. Mwaka uliofuata Baraza la Usalama likaunda kamati ya vikwazo vya Kongo, na tangu hapo makamanda kadhaa wa Kivu na Ituri wamewekwa kwenye orodha hiyo kwa majina. Je, vimemaliza vita? La. Lakini mama wa sokoni Bunia hakuadhibiwa kwa kosa la kamanda.

Hoja yako ya pili, kwamba wao wanapata vyeo na sisi makaburi, naikubali kuwa inauma. Dawa yake ni kuwa na vituo vyetu vya kuhesabu. Kuwachukia wanaohesabu hakutatupatia hata kimoja.

#15 Mchangiaji kutoka Kigoma

Wakuu, mimi nimekulia karibu na kambi za wakimbizi wa Burundi. Nakumbuka Mkataba wa Arusha uliposainiwa Agosti 2000 watu walishangilia, halafu wakimbizi wakaendelea kuvuka tu. Huyu msomi ana lolote la kutueleza hapo?

#16 Mleta mada

Analo, tena ndiyo kazi aliyohamia katika miaka yake ya baadaye.

Mwalimu aliyaanzisha mazungumzo yale, akafariki Oktoba 1999, Mandela akapokea kijiti. Lakini CNDD-FDD na FNL, waliokuwa na bunduki porini, hawakusaini tarehe 28 Agosti 2000. Ukiangalia kwa jicho la Wallensteen, pande zilizokuwa zikiuana na pande zilizokuwa zikisaini hazikuwa zile zile. Serikali na CNDD-FDD hawakufikia makubaliano kamili hadi mwishoni mwa 2003, na FNL walichelewa zaidi ya hapo. Kwa hiyo wale uliowaona wakivuka Kigoma hawakuwa wakikimbia amani. Walikuwa wakikimbia vita ambavyo mkataba haukuvigusa.

Katika kitabu alichokitoa 2015 anauliza: silaha zikinyamaza, ni nini kinafanya zisirudi? Anataja heshima ya utu, usalama, na uhakika kwamba hali hiyo itadumu. Mkimbizi anayerudi Makamba akakuta shamba lake limechukuliwa na mwingine hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu, hata kama mwaka mzima hakuna risasi iliyosikika. Hapo utaona msomi wa namba amesogea hatua kadhaa kuelekea kwa Galtung, na kwa ndugu yetu wa Bukavu.

#17 Mchangiaji wa tano

Uzi bora kabisa. Mimi niko mwaka wa pili chuo, nasoma sayansi ya siasa. Nikitaka kuingia fani hii nianzie wapi? Na je, inalipa?

#18 Mleta mada

Mdogo wangu, kuhusu kulipa sitakudanganya: nafasi za kudumu ni chache, na wengi huishia kwenye mashirika na miradi ya muda mfupi. Hata Wallensteen, kutoka tasnifu yake hadi kupata kigoda, ilimchukua miaka 12.

Ila mlango wa kuingilia ni wa bure. Takwimu zote za UCDP zinapakuliwa bila malipo. Chukua zile za tukio kwa tukio, zinaanzia 1989, kila mstari una mahali, tarehe, pande na makadirio matatu. Chagua wilaya moja unayoifahamu au ambayo lugha yake unaielewa, tuseme Fizi, au Cibitoke. Kisha tafuta taarifa za redio na magazeti ya huko za mwaka huo huo, za Kiswahili na za Kirundi, uone yapi wameyakosa na yapi wameyahesabu vibaya. Jifunze takwimu barabara na programu ya R, na usiiache historia. Makerere wana shahada ya uzamili ya amani na migogoro, na Kurasini pale Dar kuna Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa. Ukikuta tukio halimo, uwe na chanzo, tarehe na jina la kijiji, waandikie. Wanapokea masahihisho na toleo la kila mwaka hurekebisha la nyuma.

#19 Mchangiaji kutoka Bukavu

Mdogo wangu wa chuo, ukichagua Fizi nitafute kwa ujumbe wa faragha. Nina madaftari ya parokia moja yenye majina ya waliozikwa, waliokufa kwa risasi na waliokufa kwa homa, na hakuna mtu aliyewahi kuja kuyaomba.